Wote Waliokishika

Kilichomwamsha mkutubi ni karatasi. Panya wa chumba kile alimfahamu vizuri, huyo hutafuna kwa pupa kisha akatimua mbio. Hii ilikuwa sauti ya taratibu: kwacha, kimya, kwacha tena, kama ya mtu anayepanga kitu huku amebana pumzi. Giza lilikuwa bado zito. Uniti za umeme zilikuwa zimekwisha jana jioni pasi ikiwa katikati ya safari, na sketi yake ya kazi ilining'inia mlangoni, upande mmoja umenyooka, upande wa pili umejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Akapapasa kitandani. Mtoto hayupo.

"Chiriku?"

Sauti ikaja kutoka chini ya meza: "Bee?"

"Unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu, mama."

Akawasha tochi ya simu. Binti yake wa miaka sita, ambaye wapangaji wote wa nyumba ile walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amekaa sakafuni na gauni la kulalia, kurasa zimemjaa mapajani. Jalada la bluu lilikuwa tupu pembeni yake, limelala kifudifudi kama paa la nyumba iliyobomolewa.

"Nilikuwa nakirudishia," Chiriku akasema upesi, kabla hajaulizwa. "Nilivuta uzi kidogo tu jana. Ulikuwa umechomoza. Ukaja na mwingine. Halafu kikafunguka chenyewe, mama, kama ndizi."

Mkutubi akaliokota jalada. Kitabu kile alikuwa amekileta nyumbani kukitia gundi mgongoni. Mshona vitabu wa maktaba alistaafu miaka mitatu iliyopita na nafasi yake haikujazwa, kwa hiyo wakutubi walibeba vitabu vibovu majumbani mwao na kuvitibu kwenye meza zao za chakula. Lakini kati ya vitabu vyote vya maktaba, mtoto alikuwa amekichagua hiki! Hiki mara ya mwisho kiliazimwa na mafundi cherehani, kule nyuma ya soko. Kanuni ilisema kitabu kikiharibika, kadi ya aliyekiazima mwisho inafutwa. Mafundi cherehani walikuwa na kadi moja tu, kituo kizima. Na leo, siku ya leo hii, mkaguzi wa makao makuu alikuwa anakuja kuamua kama gari la maktaba liendelee kwenda kwao au lisiende tena.

Alikaa chini sakafuni na kumulika. Ndipo akaona jambo la ajabu. Uzi ule haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa mweupe, mnene, umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa fundo dogo dogo la mtu anayejua kazi. Kurasa ziligawanyika katika mafungu manane, na kila fungu liliandikwa namba kwa penseli. Ndani ya kila fungu, pale karatasi zinapokunjana, kulikuwa na vishono vidogo vya rangi: njano, zambarau, kijani cha chupa, waridi, kijivu. Vimejipanga kama siafu wanaokwenda harusini.

"Hivi umevitia wewe?"

"Mimi sijui kushona, mama."

Kweli. Hata kifungo hajui. Mkutubi akaangalia tena, asielewe. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka na maji yalikuwa bado hayajachotwa. Akayakusanya mafungu yote, akayafunga ndani ya kipande cha kitenge, akayasukuma chini kabisa ya mkoba wake.

"Sikiliza, mama yangu. Leo tunakwenda na mkaguzi. Ukiulizwa juu ya kitabu cha bluu, wewe hukukishika. Sawa?"

"Lakini nilikishika."

"Najua. Ila leo hukukishika."

Chiriku akalifikiria hilo. "Na kesho?"

"Kesho tutaona. Vaa viatu."

*

Gari la maktaba lilikuwa na gia nne, lakini hakuna aliyewahi kumwona dereva wake akivuka ya pili. Ndiyo maana mji mzima ulimwita mzee Gia Mbili. Rafu zilikuwa pande zote, na mbele ya kila rafu kumefungwa kamba ili vitabu visimwagike kwenye makona. Mlango wa nyuma ulikuwa na kikanyagio cha chuma. Pale kwenye kikanyagio, miaka saba iliyopita, mkutubi alikuwa akikaa na tumbo la miezi minane, akidurusu masomo ya jioni kwa vitabu vya gari lile lile, akiomba Mungu mtoto asizaliwe kabla ya mtihani wa hesabu. Mtoto alisubiri. Alizaliwa siku mbili baadaye, na tangu hapo hajasubiri kitu kingine.

Mkaguzi alikuwa mwanaume mwembamba wa makamo, mwenye faili jipya na kalamu ya rangi nne. Suruali yake ilikuwa safi, lakini pindo la mguu wa kushoto lilikuwa limefumuka, naye amelibana kwa pini za stepla.

"Huyu naye?" aliuliza, akimtazama Chiriku.

"Binti yangu, bosi. Shuleni kwao tangi la maji limepasuka, wameambiwa wakae nyumbani mpaka Jumatatu."

"Gari la ofisi si la kubebea familia."

"Ana kadi yake. Ni msomaji kama wengine."

Mkaguzi akainama. "Eti unapenda kusoma nini?"

Chiriku akamtazama mama yake, akabana midomo, akatikisa kichwa.

"Haongei?"

Mzee Gia Mbili alicheka mpaka gari likatikisika. "Leo ndiyo mara ya kwanza, bosi! Andika na hiyo."

Kwenye kituo cha mafuta walipanga foleni. Mfanyakazi alikuwa juu ya ngazi, kwapani amebana namba za bati, anabadilisha bei ubaoni. Kibali cha mafuta cha maktaba kilikuwa cha fedha zile zile za mwaka juzi, ila kila mwezi zilinunua lita pungufu.

"Ndugu yangu!" Gia Mbili akapaza sauti dirishani. "Subiri tujaze kwanza ndipo ubandike!"

"Nimeagizwa, mzee."

"Umeagizwa ubandike saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Saa yangu inasema bado dakika tano."

Yule mtu akaangalia saa yake, akaangalia foleni, akaangalia maandishi ya MAKTABA ubavuni mwa gari. "Yangu inakwenda mbele," akasema, akabaki ameganda pale juu, namba mkononi, mpaka walipomaliza kujaza. Chiriku alimpungia mkono mpaka wakapotea kona.

Njiani mkaguzi alifungua faili na kuzungumza kupitia kidirisha cha nyuma. "Kituo cha mafundi cherehani. Vitabu viwili kwa mwezi. Kiwango ni ishirini. Miezi mitatu mfululizo."

"Wanasoma wengi kuliko hivyo, bosi. Naona kwa macho yangu. Nikirudi wananiuliza maswali juu ya hadithi, hata watu ambao sijawahi kuwaazima."

"Kadi ngapi?"

"Moja."

"Basi msomaji ni mmoja."

"Kadi inataka barua ya mwenye nyumba, yenye muhuri wa ofisi ya mtaa. Wenye nyumba hawataki kuandika. Wanasema karatasi hiyo itamfikia mtu wa kodi, ajue kumbe vyumba vinapangishwa. Nimekwenda mwenyewe kubisha hodi nyumba kumi na moja. Mmoja alinifungulia mbwa."

Mkaguzi alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akavaa tena uso wa kazi. "Mimi sikutunga kanuni, dada. Mimi nahesabu. Kwenye fomu kuna mstari mmoja: vitabu vilivyoazimwa. Hakuna mstari wa wanaouliza maswali."

Mkutubi akaukumbatia mkoba wake. Kwa ndani alihisi mafungu manane yakimgonga mbavuni kila gari lilipopita shimo, na mashimo yalikuwa mengi.

*

Mtaa wa mafundi ulisikika kabla haujaonekana. Cherehani ishirini na kitu chini ya paa moja refu la mabati, zote zinakimbia, moja ikinyamaza nyingine inadaka. Gari liliposimama, zikanyamaza moja moja.

"Dada Maktaba kaja!"

"Na mgeni kaja naye! Karibu, baba, karibu. Mpisheni kiti, nyie, sio hicho, hicho kina sindano!"

Mwenye kadi alikuwa mama mtu mzima aliyejaza kiti chake barabara, mkanda wa kupimia shingoni. Alikuwa akiishi katika nyumba aliyoachiwa na mama yake mzazi, kwa hiyo barua ya mwenye nyumba alijiandikia mwenyewe. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akawa Bi Kadi. Kadi yenyewe aliihifadhi ndani ya kopo la vifungo.

Alimtazama mkaguzi kuanzia juu, akafika chini, akaishia kwenye pindo. "Mwanangu! Nani kakufanyia hivi?"

"Nini, mama?"

"Pini za stepla! Kwenye kitambaa kizuri namna hii! Kaa. Usiseme neno. Wewe, Mama Ovaloki, nipe uzi wa kahawia."

"Mama, niko kazini..."

"Hata mimi niko kazini. Leta mguu."

Kwa hiyo mkaguzi alianza ukaguzi wake mguu mmoja ukiwa juu ya kibao, Bi Kadi amepiga magoti na sindano. Akafungua faili juu ya goti la pili. Akasoma kwa sauti kwamba kituo hiki hakijafikia kiwango. Kwamba gari lina gharama, mafuta yamepanda, na makao makuu yanapunguza vituo vinne. Kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, kituo kina msomaji mmoja.

Mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Mmoja!" Mama Ovaloki, wa mashine ya kuziba kingo za nguo, akashika kiuno. "Na huyo mmoja ni Bi Kadi, ambaye miwani yake imevunjika tangu mwaka jana!"

"Mnisamehe," Bi Kadi akasema, uzi mdomoni. "Mimi nasomewa."

"Basi nionesheni," mkaguzi akasema, sasa amekasirika kidogo, maana si rahisi kuwa na mamlaka mguu ukiwa umeshikwa. "Kitabu cha mwisho kilirudishwa wiki mbili zilizopita. Rafuni hakipo. Kiko wapi?"

"Kiko kwenye matengenezo, bosi," mkutubi akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia imekuwa nyembamba. Chiriku alikuwa amesimama pembeni yake, kimya, mashavu yamevimba kama aliyejaza maji mdomoni.

"Matengenezo gani?" Bi Kadi akainua kichwa, uso umekunjamana kwa kuonewa. "Kile tulichokishona sisi? Kimeharibika wapi? Uzi ule wa kushonea magunia hautoki leo wala mwakani! Dada Maktaba, hebu kilete hapa nikione."

Mkutubi alimtupia jicho la kumwambia anyamaze. Bi Kadi hakuliona. Hana miwani.

"Mlikishona?" mkaguzi akauliza polepole.

"Sasa tungekiacha wazi? Tulikifumua sisi, tukakishona sisi."

Mkutubi angeweza kusema kitabu kiko nyumbani. Angeweza kusema kimepotea, akajibebesha lawama mwenyewe. Alimtazama Bi Kadi aliyekuwa amejaa fahari kama fundi aliyemaliza shela ya bibi harusi, hana habari kwamba anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Akapiga moyo konde. Akafungua mkoba, akatoa kile kitenge, akayapanga mafungu manane juu ya meza ya kukatia nguo, moja baada ya jingine.

"Hee! Nani kakifumua tena?" Bi Kadi akauliza.

Mkutubi akalinyoosha fungu la mwisho. Chiriku aliangalia viatu vyake.

Ikawa kazi ya Mama Ovaloki kueleza, na alieleza kwa mikono yote miwili. Kitabu ni kimoja, wiki ni mbili, na watu ni wengi. Mwanzoni mmoja alisoma kwa sauti, lakini cherehani zikikimbia husikii kitu, zikisimama huli. Basi wakatazama mgongo wa kitabu, wakaona: kumbe ni nguo tu, imeshonwa vipande! Wakakata uzi kwa wembe, taratibu, bila kugusa karatasi. Vipande vinane, cherehani nane, kila mtu anasoma chake wakati wa kusubiri pasi ipate moto au mteja ajaribu nguo, kisha anampisha wa kando. Ukimaliza fungu unatia kishono kimoja cha rangi yako, ili ijulikane zamu imefika wapi. Alhamisi jioni vinarudishwa, vinashonwa, gari linakuja Ijumaa.

"Mimi waridi," akasema mmoja.

"Mimi kijani cha chupa."

"Na mnasoma nyuma mbele?" mkaguzi akauliza. Alikuwa amelishika fungu la tano.

"Hapo ndipo penye taabu, baba! Huyu Mashine ya Saba," Mama Ovaloki akamnyooshea kidole msichana mwembamba aliyejifunika uso kwa kanga, "yeye kaanza na fungu la mwisho. Akajua mapema kama yule mume anarudi au harudi. Tulimpiga marufuku kufungua mdomo wiki mbili nzima. Hata salamu aliitikia kwa kichwa."

"Mjue nimeteseka," Mashine ya Saba akasema ndani ya kanga.

Wote wakacheka, na mkutubi akacheka nao, machozi yakamlenga. Miezi mitatu alikuwa akijaza ule mstari mmoja kwa namba mbili, akilala na aibu. Kumbe.

Lakini mkaguzi hakucheka. Aliweka mguu chini, pindo limekamilika. "Mnajua mmefanya nini? Hiki ni kitabu cha umma. Mmekikata kwa wembe." Akavuta kutoka nyuma ya faili karatasi ya waridi, nakala tatu zimebanwa pamoja. "Fomu namba saba. Uharibifu wa mali ya maktaba. Kila mtu aliyekishika kitabu hiki kikiwa nje ya maktaba ataandikwa. Jina, kazi, sahihi. Kila mtu."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza zamani. Sasa Mama Ovaloki akashusha mikono yote miwili. Bi Kadi alishika kopo lake la vifungo kwa mikono miwili. "Mwanangu," alisema, "ni mimi peke yangu. Niandike mimi. Kadi ni yangu."

Mkutubi alikuwa akiitazama ile karatasi ya waridi. Aliwahi kuijaza mara moja, kwa kitabu kilicholowa mvua. Shauri lile lilichukua miaka miwili, na alikuwa ameisoma karatasi ile nyuma na mbele, hadi maandishi madogo ya chini, yale ambayo hakuna anayeyasoma isipokuwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, ambaye bado hawezi kupita juu ya neno bila kulisalimia.

"Bosi," akasema. "Samahani. Pale chini panasemaje?"

"Wapi?"

"Chini kabisa. Mstari wa mwisho."

Mkaguzi akaisogeza karatasi machoni. Akasoma kimoyomoyo. Akasoma tena. Shingo yake ikaanza kupata joto.

"Tusomee na sisi, baba," Mama Ovaloki akasema. "Hapa tunapenda kusomewa."

"Kituo chenye shauri la uharibifu," akasoma, "hakitafungwa, hakitahamishwa wala kupunguziwa huduma, mpaka wote waliotajwa katika fomu hii watakapohojiwa mmoja mmoja na uamuzi kutolewa."

"Mmoja mmoja," mkutubi akarudia taratibu. "Wote waliotajwa."

Wakatazamana, kama watu wanaohesabu kitambaa kichwani kabla ya kukata. Kisha Mama Ovaloki akajifuta mikono kwenye gauni.

"Niandike," akasema. "Nilikishika. Fungu la kwanza mpaka la nane. Nilikishika sana."

"Na mimi!" Mashine ya Saba akatupa kanga. "Mimi ndiye niliyekata kwa wembe. Andika wembe."

"Acha uongo, wembe nilishika mimi!"

"Tulishika wote wawili, mmoja alikuwa anavuta!"

Wakapanga foleni. Wenyewe, bila kusukumwa, foleni iliyonyooka kuliko ya benki, wakigombania kosa. Mwenye kujua kuandika aliandika. Asiyeamini mwandiko wake aliandika polepole, ulimi nje, na hakuna aliyemharakisha. Fundi Suti, mzee aliyekuwa akitangaza kila siku kwamba hadithi za mapenzi ni za watu wasio na kazi, alijongea na mkanda wake, akakohoa.

"Nilikigusa kwa bahati mbaya," akasema.

"Uzi wa kijivu uko kwenye mafungu yote manane, mzee," Mama Ovaloki akamwambia.

"Bahati mbaya mara nane. Andika."

Wakaja wa pembeni. Mchukuzi wa marobota ya vitambaa, aliyesomewa fungu la nne kwenye dirisha la stoo. "Kusikiliza ni kushika?" akauliza. Wakampa kitabu akishike pale pale, ili asiseme uongo. Akaja muuza chai, aliyewahi kukitumia kufunikia birika, na hilo mkutubi alijifanya hakulisikia. Mistari ya fomu ikaisha. Mkaguzi akageuza nyuma. Rangi ya bluu ya kalamu yake ikaisha, akabonyeza nyeusi. Na kila alipokuwa akisubiri mtu amalize sahihi, jicho lake lilirudi kwenye fungu la tano, mpaka mkutubi akaona amekwisha funua kurasa tatu.

"Hivi," akasema bila kuinua uso, kama anayeuliza jambo la kikazi, "huyu mume, ile barua aliandika yeye kweli?"

Mashine ya Saba akafungua mdomo.

"NYAMAZA!" mtaa mzima ukamwambia.

Mwisho ilibaki nafasi ya mhusika wa kitabu, yaani mkutubi. Mkaguzi alimgeuzia karatasi, na sauti yake ilishuka. "Dada, wewe unajua ukitia sahihi hapa ni onyo la maandishi. Daraja lako la mshahara la mwaka huu halipandi."

Alijua. Alikuwa amelipangia daraja hilo kitu kimoja, chumba chenye dirisha. Akakiona kile chumba kikitembea mbele yake na kwenda zake, na akashangaa kwamba hakuumia sana kama alivyotazamia, ingawa aliumia. Akatia sahihi, yenye mkia mrefu kama alivyofundishwa darasa la jioni.

"Thelathini na moja," mkaguzi akahesabu. "Watu thelathini na moja. Makao makuu watauliza: kituo chenye msomaji mmoja, hawa wengine wametoka wapi?"

"Waulize tu," mkutubi akasema. "Waje wawahoji. Mmoja mmoja."

"Itachukua miaka."

"Sisi tupo, baba," Bi Kadi akasema. "Na wakija waje na nguo zao zilizofumuka."

Mkaguzi alitazama pindo lake. Lilikuwa limenyooka kiasi kwamba usingejua liliwahi kufumuka. Akachukua ile fomu ya kwanza, yenye mstari mmoja, na pale kwenye vitabu vilivyoazimwa akaandika mbili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Chini yake, kwenye maoni, akaandika: Kisifungwe, shauri linaendelea. Akapuliza wino ukauke. Gari lingekuja tena Ijumaa, wiki mbili baadaye, kama kawaida, kwa gia ya pili. Nyuma ya mkaguzi Fundi Suti alikuwa amekwisha anza kuyapanga mafungu manane, anatafuta sindano ndefu, na cherehani ya kwanza ikaanza kukimbia, ikadakwa na ya pili.

"Basi," mkaguzi akasema, kalamu tayari inaelekea mfukoni. "Kuna mwingine aliyekishika?"

Aliuliza kwa desturi tu. Lakini mkutubi alihisi mkono mdogo ukichomoka taratibu kutoka kiganjani mwake. Akatazama chini. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, si mkaguzi, na macho yalikuwa yanauliza lile swali la alfajiri, kama kesho imekwisha fika. Mama akainama, akamnyoosha kola, akamsogeza mbele hatua moja.

Chiriku akainua mkono juu, kama darasani.

"Na mimi nilikishika."